Kontena likigoma kuwaka baada ya umeme kukatika

Kwa wenye sava ndogo hapa Dodoma: umeme ukikatika ghafla, kontena (mfumo uliotengwa unaoendeshwa ndani ya sava) ambalo mfumo wake wa mafaili wa mzizi umo ndani ya faili la imeji, yaani faili linalotumika kama diski (`disk.raw`), linaweza kugoma kuwaka, au likawaka lakini halikubali kuandika chochote. Usikimbilie kurudisha nakala ya akiba. Zima kontena, kisha endesha `losetup -j disk.raw`. Isipoonyesha kitu, imeji haijashikwa na loop yoyote (kifaa kama `/dev/loop0` kinacholifanya faili lionekane kama diski). Ikionyesha loop, iachie kwanza, maana kukarabati imeji inayotumika ndiyo njia ya haraka ya kuiua. Halafu kagua na kukarabati mfumo wa mafaili:

`e2fsck -f disk.raw`

Moja kwa moja kwenye faili, bila kuliunganisha kokote. Inawezekana kwa sababu e2fsck inatafuta tu mpangilio wa ext4 (aina ya mfumo wa mafaili wa Linux) au wa ndugu zake ext2 na ext3. Haijali kama uko kwenye diski halisi au ndani ya faili.

Ukipata "Bad magic number in super-block", yaani mpangilio huo haukuonekana mahali ulipotarajiwa, usianze kujibu y (ndiyo) ovyo. Mara nyingi imeji ina patisheni ndani yake: `losetup -fP --show disk.raw`, kisha `e2fsck -f /dev/loop0p1` (tumia namba uliyoonyeshwa), ukimaliza `losetup -d /dev/loop0`. Kama ni XFS, aina nyingine ya mfumo wa mafaili, tumia xfs_repair.

Haitasaidia kama diski ya sava yenyewe imejaa. `ls -lh` itasema imeji ni 20G, `du -h` iseme 6G: zilizobaki ni ahadi tu, bado hazijachukuliwa kwenye diski, na kontena likizidai wakati nafasi haipo, hitilafu zinarudi hata baada ya ukarabati. Kwa hiyo angalia nafasi ya diski kwa `df -h` kwanza.