Kabla ya tathmini ya kazi, iulize Git

Wenzangu mnaoandika programu, mkiitwa kwenye tathmini ya nusu mwaka msitegemee kumbukumbu za kichwani; iulizeni Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo (code). Ingia kwenye folda ya mradi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

git log --all --no-merges --author="jina lako" --since="6 months ago" --oneline

Itashuka orodha ya mabadiliko yako ya miezi 6, ya karibuni yakiwa juu. Mtu hukumbuka kazi za wiki 2 au 3 za mwisho, lakini Git huandika jina na tarehe kila unapohifadhi badiliko, kwa hiyo ile kazi nzito uliyokwisha kuisahau bado ipo. Chagua mambo 5 au 6 tu, na kila moja lieleze kwa faida yake: ukurasa uliokuwa ukifunguka kwa sekunde 9 sasa unachukua 2. Bosi wengi hawasomi msimbo, wanasoma hayo.

Ikiwa Git ya kompyuta ya ofisini na ya nyumbani zinakuandika kwa majina tofauti, ongeza --author ya pili kwenye amri hiyo hiyo. Ila kama maelezo unayoandika kila unapohifadhi badiliko yote ni "marekebisho" na "marekebisho tena", orodha haitakusaidia. Anza leo kuandika yenye maana. Na kuna kazi ambazo Git haizioni kabisa: kumwelekeza mgeni kazini, kukagua msimbo wa wenzako, kuamka usiku wa manane seva imeanguka. Hizo, jamani, ndizo zinazosahaulika zaidi. Ziandike daftarini kila Ijumaa, mistari 2 inatosha.