Namna ya Kuisoma Ripoti ya Kinyama cha Titi: ER, PR, HER2 na Ki-67

Mama mdogo wangu alipochukua majibu yake, alivuka feri kurudi Likoni akiwa ameifunga karatasi kwenye pindo la leso, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia maana yake. Neno moja tu ndilo tulilolielewa, saratani, tukadhani kwamba baada ya hilo hakuna lingine la kusoma. Tulikosea, kwa sababu mistari minne ya chini, iliyojaa vifupisho na tarakimu, ndiyo iliyobeba habari ya dawa atakazohitaji na ya mwendo ambao ugonjwa wake ungeweza kuufuata katika miaka iliyo mbele. Maelezo haya ni kwa mgonjwa wa Mombasa na jamaa anayemsindikiza, ili waingie kwa daktari wakijua cha kuuliza. Hayachukui nafasi ya daktari, kwa kuwa yeye ndiye anayeiona ripoti pamoja na mgonjwa mwenyewe.

Anza na chupa kabla ya karatasi

Vipimo vya ER, PR, HER2 na Ki-67 hutafuta protini ndani ya tishu, na protini huharibika upesi kinyama kikikaa bila dawa ya kukihifadhi. Kinyama kilichotolewa kwenye titi kinapaswa kutiwa ndani ya formalini ya asilimia 10 kabla ya saa moja kupita, kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72, na dawa iwe nyingi, kiasi cha mara 10 ya ujazo wa kinyama chenyewe. Ikiwa umekabidhiwa chupa uipeleke maabara mwenyewe, kama inavyotokea mara nyingi, hakikisha kwamba imeandikwa jina la mgonjwa, upande wa titi, tarehe na saa ya kukatwa, kisha nenda moja kwa moja bila kupitia nyumbani. Usiitie kwenye friza, na usikubali formalini ibadilishwe kwa maji, spiriti au maji ya chumvi. Kama umepangiwa Ijumaa alasiri, uliza mapema ni nani atakayekipokea kinyama mwishoni mwa juma, kwa sababu kutoka Ijumaa alasiri hadi Jumatatu alasiri saa 72 zimekwisha.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lilitufika. Kinyama cha kwanza cha mama mdogo kilitiwa maji ya chumvi katika zahanati moja, kikafika maabara siku ya pili, na majibu yakasema kwamba uvimbe hauna kipokezi chochote cha homoni, yaani protini ambayo homoni hushikamana nayo. Daktari aliyeyasoma hakuridhika, kwa kuwa uvimbe ulikuwa wa daraja la 1, yaani seli zake bado zinafanana na za kawaida, na uvimbe wa daraja hilo kwa kawaida huwa na vipokezi. Aliagiza kinyama kitolewe upya, na safari hii vipokezi vilionekana tele. Laiti angeyakubali majibu ya kwanza, mama mdogo angenyimwa kidonge cha kuzuia homoni ambacho ndicho kinga yake kubwa hadi leo.

Mistari ya juu usiiruke

Kabla ya kufika kwenye protini, tafuta aina ya saratani, ukubwa wa uvimbe, idadi ya tezi za kwapani zilizoingiliwa na daraja la uvimbe. Ripoti ya kinyama kidogo cha sindano haiwezi kukupa yote hayo, na mengine husubiri upasuaji. Daraja hutokana na alama tatu zinazojumlishwa: jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, ya 6 au 7 ni la 2, na ya 8 au 9 ni la 3. Ukubwa na tezi huonyesha ugonjwa umefika wapi. Protini huonyesha tabia yake na njia ya kuukabili. Mtu anayesoma protini pekee huweza kujitisha bure au kujituliza bure.

ER na PR

ER ni kipokezi cha estrojeni na PR ni cha projesteroni. Vyote viwili hukaa ndani ya kiini cha seli, na mtaalamu wa patholojia huhesabu viini vilivyoshika rangi ya kahawia baada ya kupakwa kemikali maalumu. Asilimia 1 au zaidi ya seli za saratani zikishika rangi, majibu huitwa chanya. Ila ER ya asilimia 1 hadi 10 huandikwa kuwa ni chanya ya chini, na haina uzito sawa na ile ya asilimia 90. Kwa hiyo usiondoke na neno chanya peke yake. Omba asilimia na nguvu ya rangi. Baadhi ya maabara hutumia alama za Allred zinazofika 8, ambazo hujumlisha kiasi cha seli zilizoshika rangi na ukali wa rangi hiyo.

ER ikiwa chanya, saratani inalishwa na homoni, na chakula hicho kinaweza kukatwa. Tamoksifeni inayomezwa kila siku kwa miaka 5 hupunguza vifo vya saratani ya aina hii kwa takribani theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Wanawake waliokoma hedhi huweza kupewa pia anastrozoli au letrozoli. Mwenendo wa saratani hii kwa kawaida ni wa polepole, lakini hatari yake ni ya muda mrefu, kwani huweza kurudi hata baada ya miaka 20. Ndiyo maana kuacha vidonge katika mwaka wa pili kwa sababu mtu anajihisi mzima ni kosa kubwa, na naomba kila anayemtunza mgonjwa alisimamie hili kwa upole lakini bila kulegea. PR ikikosekana huku ER ikiwepo, mara nyingi ni dalili ya ugonjwa mkali kidogo zaidi.

HER2

Mstari huu ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. HER2 ni protini ya kwenye utando wa seli inayoiamuru seli igawanyike, na katika takribani asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti huwa imezidi mno. Majibu huandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. Mbili za kwanza ni hasi. 3+ ni chanya, maana yake zaidi ya asilimia 10 ya seli zimezungukwa na rangi kali iliyokamilika pande zote. 2+ si jibu. Ni ombi la kipimo kingine, kwa kawaida FISH, kinachohesabu nakala za jeni yenyewe, na ambacho mara nyingine hulazimu kipande kitumwe Nairobi. Ripoti ikiandika 2+ na mtu akakwambia kwamba kazi imekwisha, mwambie kwa adabu kwamba haijaisha. Siku hizi hata tofauti kati ya 0 na 1+ ina maana, hasa saratani ikiwa imesambaa, kwa sababu kuna dawa mpya zinazoweza kutumika mahali protini hii ipo kwa kiasi kidogo.

Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wanawake ambao uvimbe wao una nakala nyingi za jeni ya HER2 hurudiwa na ugonjwa mapema na hufa mapema. Wakati huo hiyo ilikuwa habari mbaya isiyo na dawa. Mwaka 1998 trastuzumabu, dawa inayoilenga HER2, iliidhinishwa Marekani, na mwaka 2005 majaribio yalionyesha kwamba ikitolewa pamoja na kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, kwa saratani ambayo haijasambaa, kurudi kwa ugonjwa hupungua kwa karibu nusu. Protini ni ileile, lakini maana yake imegeuka. Ndiyo sababu simwelewi mtu anayemwambia mgonjwa kwamba HER2 ni nzuri au ni mbaya bila kumwambia kama dawa itapatikana. Dawa hii hutolewa kwa kawaida kila baada ya wiki 3 kwa muda wa mwaka mmoja, na moyo hupimwa kabla na wakati wa matibabu. Siku uliyopata 3+, muulize daktari itaanza lini, kisha uende kwa afisa wa SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ukaulize ni kiasi gani kitalipwa, ili usigundue katikati ya safari kwamba fedha zimekwisha.

Zote tatu zikiwa hasi

ER, PR na HER2 zikikosekana zote, ugonjwa huitwa hasi-tatu, na huonekana zaidi kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko kwa wengine. Huenda kwa kasi, na hatari ya kurudi ni kubwa katika miaka 3 hadi 5 ya mwanzo. Miaka hiyo ikipita bila ugonjwa kurudi, hatari hushuka sana. Vidonge vya homoni havisaidii, ila kemo huweza kuupunguza uvimbe sana, na mara nyingi hutangulia upasuaji. Hapa kuchelewa kwa wiki kadhaa kuna gharama. Uliza pia kuhusu kipimo cha jeni ya BRCA1, ambayo ikirithiwa ikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani ya titi, hasa mgonjwa akiwa kijana au kukiwa na ndugu aliyewahi kuugua.

Ki-67

Hii ni asilimia ya seli zinazojigawanya. Chini ya 5 ni polepole, juu ya 30 ni haraka, na katikati maabara mbili zinaweza kutofautiana juu ya kinyama kimoja, kwa hiyo isiwe sababu ya kukosa usingizi.

Ukiwa mbele ya daktari

Wengi wetu huanzia Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji bado huiita Makadara, na foleni huwa ndefu na muda wa kuongea mfupi. Andika maswali yako usiku uliotangulia: asilimia ya ER na PR ni ngapi, HER2 ni ngapi na kama FISH imefanyika, tezi ngapi zimeingiliwa, dawa ipi inatangulia na kwa sababu gani. Mwache mgonjwa aulize mwenyewe akiweza; wewe andika majibu.

Kabla ya kuondoka, omba nakala ya ripoti yenye namba ya maabara, na uulize kipande cha nta kilichobeba kinyama kimehifadhiwa wapi, kwa sababu kipande hicho huweza kupimwa tena miaka kadhaa baadaye. Na ugonjwa ukirudi, iwe kwenye mfupa, ini au pafu, omba kinyama kipya kitolewe inapowezekana, kwani ER na HER2 huweza kubadilika, na dawa ya leo haifai kuchaguliwa kwa majibu ya zamani.