Unaomba ukaazi wa Kanada? Usiache Kifaransa chako

Muuguzi, mhasibu au mhandisi uliyesoma Bukavu, Goma au Bujumbura na unaomba ukaazi wa kudumu Kanada kupitia Express Entry (mfumo wa serikali ya Kanada unaowapanga waombaji wenye ujuzi kwa pointi), fanya mtihani wa Kifaransa (TEF Canada au TCF Canada) hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Ukifikia kiwango cha 7 cha NCLC (kipimo cha Kanada cha Kifaransa) katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza, unaongezewa pointi 25. Ukiwa pia na Kiingereza cha kiwango cha 5 au zaidi cha CLB (kipimo cha Kanada cha Kiingereza) katika stadi hizo zote nne, zinakuwa 50. Tena tangu 2023 kuna raundi maalumu za mialiko ya kuomba ukaazi kwa wanaojua Kifaransa, na alama zinazotakiwa humo mara nyingi huwa chini kuliko za raundi za kawaida. Inaniuma kuona ndugu zetu wakiiacha nafasi hii. Angalia tarehe tu: matokeo ya mtihani hudumu miaka 2.