Somo: UTI inayorudi rudi, vitu gani vya asili vinasaidia kweli na vipi ni kujichosha

Kina dada, leo tunaongelea ile UTI ya kila mara, mkojo unawaka, unakimbilia chooni yanatoka matone tu, hujakaa vizuri umebanwa tena. Tusidanganyane toka mwanzo: vitu vya asili vinaweza kusaidia KUZUIA, ila kutibu ambayo imeshaanza ni habari nyingine kabisa, na hapo ndo watu wanapoliwa hela zao.

Mara nyingi mhusika ni bakteria wa E. coli anayeishi utumboni. Sasa njia yetu ya mkojo ni kama sentimita 4 hivi na iko jirani kabisa na ya haja kubwa, yani hana safari ndefu. Kwa hiyo asikwambie mtu we ni mchafu.

Hatua ya 1: maji
Najua mlitaka nitaje mti fulani, ila dawa ya asili yenye ushahidi mzuri ni maji. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa wanawake 140 wanaosumbuliwa na UTI ya kibofu mara kwa mara na ambao walikuwa wanakunywa vimiminika kidogo, nusu wakaongeza lita 1.5 za maji kwa siku, mwaka mzima. Walioongeza waliugua wastani wa mara 1.7, wenzao 3.2. Mwenye shida ya moyo au figo aongee na daktari kwanza kabla hajajijaza maji.

Hatua ya 2: mazoea
Usibane mkojo, kojoa baada ya tendo, jifute mbele kwenda nyuma. Ushahidi wake sio mkubwa kihivyo ila havigharimu kitu. Kuosha ndani ukeni kwa sabuni au dawa acha kabisa, unaua bakteria wazuri wanaokulinda. Na kama mnatumia jeli au kondomu zenye dawa ya kuua mbegu, badilisheni, zile zinaongeza UTI.

Hatua ya 3: kranberi
Ni tunda dogo jekundu, chachu, la nchi za baridi. Haitibu, inazuia bakteria wasing'ang'anie kwenye ukuta wa kibofu. Mapitio ya 2023 yaliyokusanya tafiti 50 yalionyesha kwa wanawake wenye UTI ya kurudia inapunguza hatari kama robo hivi. Sio muujiza lakini ipo. Juisi nyingi zimejaa sukari, mi naona bora vidonge. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiguse bila kumuuliza daktari.

Hatua ya 4: ikishaanza
Kapime mkojo. Kuna utafiti wa Ujerumani wa 2015, wanawake walianzishiwa ibuprofeni (dawa ya maumivu) badala ya antibayotiki na kama theluthi mbili walipona bila antibayotiki, sawa, ila waliumia zaidi na waliopata maambukizi ya figo walikuwa wengi kidogo. Kwa hiyo kusubiri kunawezekana kwa mwenye dalili nyepesi, akiwa amekubaliana na daktari. Ukiona homa, kutetemeka, kutapika, maumivu ya ubavuni au mgongoni, hapo achana na majani yote, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI

Swali: Dada na ule unga wa dimanosi (D-mannose), ile aina ya sukari? Naona unasifiwa sana.
Jibu: Ulijaribiwa Uingereza kwa wanawake karibu 600, miezi 6, majibu yakatoka 2024, haukuwa na tofauti na unga usio na dawa waliopewa wengine ili kulinganisha. Hela yako mpendwa.

Swali: Nimeambiwa niweke punje ya kitunguu saumu ukeni usiku
Jibu: Usithubutu. Kinaunguza ngozi laini ya kule, na isitoshe bakteria yuko kwenye kibofu, sio ukeni. Kile kaunge mboga.

Swali: mi nakunywa bekingi soda kwenye maji inapunguza kuwaka, ina shida?
Jibu: Bakteria anabaki pale pale, alafu ina sodiamu nyingi, mwenye presha ndo asijaribu kabisa.

Swali: Nina mimba ya miezi mitano naogopa antibayotiki
Jibu: Ogopa zaidi UTI mamangu, kwa mjamzito inapanda kwenye figo kirahisi na inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Zipo antibayotiki salama kwa ujauzito, waambie mimba ina umri gani wakuchagulie. Na miti shamba iache kwa sasa, mingi haijapimwa kwa wajawazito.

Swali: Nina miaka 58, kabla ya kukoma hedhi sikuwahi kuijua UTI, sasa kila mara
Jibu: Shikamoo mama. Homoni ya estrojeni ikishuka kuta za uke zinakuwa nyembamba na wale bakteria walinzi wanapungua. Muulize daktari kuhusu krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kwa umri wako inazuia vizuri, ila kama uliwahi kuugua saratani ya matiti mwambie kabla hajakuandikia.