Una godauni la zamani Arusha na unataka kuweka data senta? Anza na hewa, AC baadae

Wadau, kuna familia nyingi hapa Arusha zina magodauni ya zamani maeneo ya Unga Limited au Themi, lilikua la kahawa au kinu au karakana, sasa hivi limekaa tu linaota kutu na mtu anataka kulibomoa ajenge fremu. Mimi naomba usibomoe kwanza. Zege na kuta zile zilishalipiwa zamani, saruji na nondo mpya ni gharama na ni moshi mwingi hewani, na kwa kazi ya seva (kompyuta kubwa za kuhifadhi na kutuma data, ndizo zinazojaa data senta) godauni lina vitu viwili ambavyo nyumba ya kawaida haina: sakafu ya kubeba mzigo na paa refu. Raki moja, yaani kabati la chuma la kupangia seva, ikijaa inaweza kufika kilo 1,000, betri nazo ni nzito, ghorofa la ofisi linaweza kushindwa.

Google walifanya hivi Ufini, mwaka 2009 walinunua kiwanda cha karatasi mjini Hamina wakakigeuza data senta na wanapoza kwa maji ya bahari, yaani walichukua kile ambacho mahali pale panatoa. Sisi bahari hatuna ila tuna baridi. Mji uko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 12 au 13 hivi, na seva zinataka hewa inayoingia iwe kati ya 18 na 27. Sasa kwa nini ununue AC kubwa ikeshe inanguruma wakati nje kuna baridi ya bure? Usiku wa kipupwe itabidi hata uchanganye na hewa ya moto inayotoka kwenye seva ili isiwe baridi kupita kiasi.

Kabla ya yote angalia paa. Majengo ya zamani mengi yana vigae vya asbesto, vile vya kijivu vinavyofanana na saruji, usikate usivunje wala usimwambie fundi apande na msumeno, vumbi lake linaua mapafu taratibu. Ongea na NEMC, wasimamizi wa mazingira, wakuelekeze namna ya kutoa na pa kutupa, na hapohapo ulizia tathmini ya mazingira chini ya sheria ya 2004, kibali cha kubadili matumizi kinatoka Halmashauri ya Jiji. Ukiweka bati jipya lipakwe rangi nyeupe na chini yake uweke sponji la kuzuia joto, Januari na Februari utaona faida yake.

Halafu usijaribu kupoza godauni zima!! Hili ndio kosa la wengi. Jenga chumba ndani ya godauni, raki zitazamane mistari miwili, mbele kuwe uchochoro wa baridi na nyuma uchochoro wa moto, uchochoro wa moto uufunike juu na upeleke joto kwenye dari refu litoke lenyewe kwa matundu ya juu ya ukuta, karibu na paa. Nafasi tupu kwenye raki ziba na vibati, ni vitu vya bei ndogo ila bila hivyo hewa ya moto inarudi mbele na kazi yote inakua bure.

Kitu ambacho mafundi wengi wanasahau ni mwinuko. Hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar, kwa hiyo feni inasukuma ujazo uleule lakini inabeba joto kidogo. Piga hesabu, seva za kilowati 40, hewa ikipanda nyuzi 12 ikipita ndani, Dar zingetosha kama mita za ujazo 2.8 kwa sekunde, hapa unahitaji kama 3.3. Jenereta nayo inaweza kupungua nguvu kwa sababu hiyohiyo, muombe muuzaji jedwali la mwinuko kabla hujalipa.

Vumbi sasa. Godauni la kwanza nililosaidia lilikua la kahawa, tulifagia tukapiga epoksi (rangi ngumu ya sakafu) sakafuni tukaona pako safi, wiki ya pili vitambaa vya kichujio vilikua kahawia kabisa, maganda ya kahawa ya miaka yamekaa juu ya kenchi na feni zilikua zinayavuta chini. Nilisikitika sana kwa sababu tulilazimika kuzima. Kwa hiyo safisha kenchi kwanza kwa vakyumu, ndio upake rangi. Weka vichujio viwili, cha kukamata vumbi kubwa halafu cha laini, na feni za kuingiza zizidi kidogo za kutoa ili hewa isukume nje badala ya vumbi kunyonywa kwenye nyufa. Jirani akichoma taka, dampa (kile kilango cha kuzuia hewa ya nje isiingie) lifunge lenyewe. Na masika, Machi mpaka Mei, angalia unyevu, hapo ndio AC ndogo ya akiba inafanya kazi yake.

Umeme: weka mita mbili, moja ya jengo zima na moja ya seva tu, gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jengo likila kilowati 56 na seva 40 unapata 1.4, kila unachopunguza hapo ni hela yako. Jengo zima kwa siku ni kilowati-saa 1,344. Sola ya kilowati 100 itachukua kama mita za mraba 500 za paa na kukupa kama 400 kwa siku, sio yote ila ni karibu theluthi, ila kenchi zipimwe na injinia kabla ya paneli kupanda. Faiba chukua njia mbili zinazoingia pande tofauti za kiwanja, sio kebo mbili kwenye mtaro mmoja.

Kabla ya kumpokea mteja, weka hita za umeme zenye jumla ya kilowati 40 mahali pa seva, washa wiki nzima, kisha katika saa nane mchana wa jua kali zima swichi ya TANESCO na ukae na kipimajoto mkononi uone jenereta inachelewa sekunde ngapi na uchochoro wa baridi unapanda nyuzi ngapi.