Kumtafutia mzee makazi ya usaidizi Minnesota: leseni, pesa na mkataba

Kabla ya kutembelea jengo lolote, andika mambo ya wiki moja ya mzee: dawa gani na saa ngapi, anaamka mara ngapi usiku kwenda chooni, anaogaje, na akitoka kitandani anashikwa na mtu mmoja au wawili. Hilo la mwisho ndilo familia husahau, nalo ndilo hufunga milango mingi. Makazi mengi hayampokei mtu anayehitaji wasaidizi wawili au mashine ya kuinulia, na huyo huenda akaelekezwa kwenye nyumba ya uuguzi. Naye anayekwama kwenye kupika na kufua tu, huduma ya nyumbani huenda ikamtosha.

Tangu tarehe 1 Agosti 2021, hakuna anayeruhusiwa Minnesota kuandika maneno assisted living, yaani makazi ya usaidizi, kwenye bango lake bila leseni ya Idara ya Afya ya jimbo. Leseni ziko za aina mbili: ya kawaida, na ile yenye huduma ya dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu. Kama mzee ameanza kupotea njia au kutoka nje usiku, uliza ya pili, maana sehemu inayofungwa mlango ili wakazi wasitoroke inahitaji leseni hiyo, na lazima mhudumu awe macho ndani yake saa 24. Kwa leseni ya kawaida pia kwa kawaida anatakiwa mtu aliye macho usiku, ila anaweza kuwa kwenye jengo lililoungana na hilo. Uliza yuko wapi hasa saa 8 za usiku na anahudumia wakazi wangapi. Leseni hailingani na ukubwa: jumba la ghorofa nne na nyumba ya kawaida ya mtaani yenye wakazi wanne zinaweza kuwa na leseni ileile. Ripoti za ukaguzi ziko kwenye tovuti ya Idara ya Afya. Zisome kabla ya kusifia mapazia.

Sasa pesa. Bili huwa na sehemu mbili, pango na chakula upande mmoja, huduma upande mwingine, na kila sehemu ina mlipaji wake. Medicare, bima ya afya ya shirikisho kwa wazee, hailipii kuishi kwenye makazi ya usaidizi, hata mwezi mmoja. Mwenye kipato kidogo na miaka 65 au zaidi huangalia Medical Assistance, yaani Medicaid ya Minnesota kwa wenye kipato kidogo, pamoja na mpango wake uitwao Elderly Waiver. Huo hulipia huduma, haulipii pango. Kwa pango na chakula kuna mpango mwingine wa jimbo, Housing Support, nao una masharti yake.

Njia ya kuingia kwenye Elderly Waiver ni kupiga simu kaunti na kuomba tathmini ya mahitaji ya mzee iitwayo MnCHOICES. Mtathmini huzungumza na mzee na kuamua kama hali yake imefikia kiwango cha kuhitaji nyumba ya uuguzi. Hapa wazee wetu hujiponza kwa heshima: wakiulizwa kama wanaweza kuoga wenyewe, hujibu "naweza" hata kama wameshikiliwa bega. Kaa karibu, na ile karatasi yako ya wiki moja uwe nayo.

Ili kupata Medical Assistance, kikomo cha mali kwa mtu asiye na mwenzi ni dola 3,000. Shamba au nyumba iliyo nje ya Marekani nayo hutajwa kwenye fomu. Kaunti hurudi nyuma miezi 60 kuangalia kama kuna mali iliyogawiwa bure, kwa hiyo kumwandikisha kijana nyumba mwaka jana kunaweza kuchelewesha msaada. Mzee akishafariki, jimbo linaweza kudai gharama hizo kutoka kwenye urithi wake. Na kama aliletwa kwa ukazi wa kudumu hivi karibuni, sheria ya shirikisho huwataka wengi wasubiri miaka 5 kabla ya kupata msaada huo; jueni hilo kabla ya kusaini chochote.

Swali la kumuuliza meneja ni hili: "Akiba yake ikiisha, atabaki kwenye chumba hikihiki kwa Elderly Waiver, na kabla ya hapo mnataka alipe mwenyewe kwa muda gani?" Jibu lije kwa maandishi. Jengo linaweza kuwa na vyumba vichache tu vya waiver, na ahadi ya mdomo huondoka na meneja aliyeitoa.

Kwenye mkataba, omba jedwali la madaraja ya huduma na bei zake. Muuguzi aliyesajiliwa lazima ampime mzee kabla ya kusaini au kuhamia, lolote litakalotangulia. Ampime tena ndani ya siku 14 tangu huduma zianze, kisha isipite siku 90 bila kupimwa. Kila kipimo kinaweza kumpandisha daraja, na bili ikapanda naye. Uliza sindano ya insulini inahesabiwaje, na kusaidiwa chooni usiku.

Wakitaka kumtoa, lazima waitishe kikao angalau siku 7 kabla ya kutoa notisi. Notisi ya kawaida, kwa mfano ya kutolipa, ni siku 30. Ya haraka ni siku 15. Ana haki ya kukata rufaa, na ofisi ya Ombudsman for Long-Term Care, watetezi wa haki za wakazi, humsaidia bila malipo. Kwa ushauri wa kuchagua makazi, Senior LinkAge Line ni 1-800-333-2433, bure. Ukishuku kupigwa, kuibiwa au kutelekezwa, ripoti kwa 1-844-880-1574. Mkazi anaweza pia kuweka kamera chumbani mwake kwa gharama yake, mradi fomu ya ridhaa ijazwe, na anayelala naye chumba kimoja awe amekubali.