Anza na mjusi wa mwambani

Wadogo zangu mnaotaka riziki kwa kupiga picha za wanyama, msisubiri nauli ya Serengeti. Hapa Mwanza mawe yenyewe ni studio. Yule mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu hupanda juu ya jiwe asubuhi kuota jua, akaganda hapo. Lala kifudifudi, kamera iwe usawa wa jicho lake, na fokasi iwe kwenye jicho, si mgongoni. Shati litachafuka, zoea.

Ukishaiva, vuka hadi kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na boti haichukui muda kutoka mjini. Pimbi na swala wapo, ila mtihani wenyewe ni tai mla samaki. Usimkodolee mabawa, tazama mkia: mara nyingi akitaka kuruka hujisaidia kwanza, kisha anainama mbele. Hapo kidole kiwe tayari kimebonyeza, kasi ya shata 1/2000 ya sekunde au zaidi. Mimi kabla ya kulijua hilo nilirudi nyumbani na matawi matupu, kadi nzima.

Halafu kila picha iandikie siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, mnyama alikuwa akifanya nini. Wengi wanaona uvivu hapa, na ndipo wanapokosa kazi, maana mhifadhi hahitaji picha zako za machweo. Anataka kujua ndege yule alionekana wapi, lini, na kama alikuwa na kiota. Anayetaka uaskari wa wanyamapori wenyewe, chuo kipo Pasiansi, hapa hapa mjini.